Pugu Kunanyesha?

Jumatano, 2 Aprili

Pugu: kavu.

Nimeanza daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa, na kwa sababu leo kuna la kuandika. Nimepata kazi ya mahema manane. Si maturubai ya kufunika lori la mkaa, wala yale ya msibani tunayofunga kwenye nguzo ya umeme na dirisha la jirani. Haya ni mahema ya kulala watu wawili wawili, yenye sakafu, zipu na dirisha la chandarua. Miaka kumi na tisa nashona kwenye uchochoro huu wa Kariakoo, sijawahi kumshonea mtu hema la kwenda kulala nje kwa hiari yake wakati nyumba anayo.

Kazi kaileta mwanangu Nasma. Alimaliza chuo cha utalii mwaka jana, akazunguka na barua za kuomba kazi mpaka viatu vikaisha kisigino. Sasa kapata mtu wa kumwamini, Rogath, mwenye duka la spea za magari pale mtaa wa Gerezani. Huyu Rogath na wenzake wana magari ya kupanda milima na kuvuka mchanga. Mwisho wa mwezi huu wanaenda kaskazini, nyuma ya Longido, kwenye nyika kavu isiyo na mtu, wapite ndani ya makorongo na kulala humo humo. Watu kumi na sita, magari manne. Nasma ndiye mpangaji wa njia, maji, chakula, kambi, kila kitu. Wakirudi wameridhika, Rogath anamwajiri, maana anataka kufungua kampuni ya safari. Wasiporidhika tunarudi kwenye barua.

Nimefurahi. Niliandike hilo kwanza, kabla sijaanza tabia zangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Pugu: manyunyu. Nimekata sakafu mbili. Mkasi umekuwa butu, nimemlaumu Nasma bure.

Jumamosi, 5 Aprili

Pugu: kavu.

Rogath kaja na wenzake watatu kuona kitambaa. Mwanaume mnene, mcheshi, sauti kama ya mtu anayeongea na aliye ng'ambo ya barabara. Hakunisalimia kwa jina wala kwa umri. "Fundi, vipi kazi?" Basi, mimi ni fundi.

Nasma akanionyesha kundi lao la wasapu, linaitwa Watu wa Jangwani. Nikashindwa kujizuia. Nikawauliza, "Nyinyi Watu wa Jangwani mnakaa Jangwani ipi? Mimi nimezaliwa Jangwani hapa bondeni Dar, nimekua Jangwani, na sura zenu sijawahi kuziona."

Wakacheka sana. Rogath akasema, "Fundi, hili ni jangwa la kweli. Siyo lile la kwenu lenye vyura."

"Na jangwa lenyewe mnaliendea masika?"

"Masika ni yenu huku pwani. Mimi ni mtu wa kule, nimekulia kule. Mvua ya kule ukiiona unaipiga picha."

Kwao ni Rombo, na kukulia Rombo, kwenye migomba ya Kilimanjaro, siyo kukulia Longido. Hilo nilitaka kumwambia lakini Nasma alikuwa ananitazama kwa yale macho yake, nikameza. Nikampima Rogath kwa macho, nikaona hema lake liwe refu kidogo.

Jumanne, 8 Aprili

Pugu: kavu. Mahema mawili tayari. Mgongo.

Alhamisi, 10 Aprili

Pugu: mvua kubwa toka alfajiri. Jangwani wamefunga barabara mchana.

Tumegombana. Mimi kila asubuhi kabla ya chai nampigia wifi yangu Mwanne, dada wa marehemu baba yake Nasma, anakaa Pugu. Namuuliza neno moja: kunanyesha? Akinijibu naandika. Mto Msimbazi maji yake hayatoki Kariakoo, yanatoka kule juu vilimani. Ukitaka kujua Jangwani kutakuwaje, usitazame anga lako, uliza Pugu. Nafanya hivi miaka kumi na minne, madaftari yamejaa sanduku zima.

Leo Nasma alikuwa anaongea na simu na Rogath, mimi nikawa nampigia Mwanne kwa sauti, maana mtandao ulikuwa mbaya. "Pugu kunanyesha? Wifi! Nauliza kunanyesha?" Alipomaliza akanigeukia.

"Mama, unaniaibisha. Tumeshahama Jangwani. Tunakaa Mchikichini, ghorofa ya pili. Maji yatatufuata kwa ngazi?"

"Naandika tu, mwanangu."

"Huandiki tu! Darasa la saba ulinitoa kwenye safari ya Bagamoyo kwa sababu ya wingu. Wingu, mama! Chuo ulimpigia matroni mara nne, na kule ni mlimani. Sasa na hii safari utaniharibia. Naomba hii uniache."

Nikamwambia nimekuacha. Nikaketi kwenye cherehani, nikashona pindo kombo, nikalifumua lote.

Ana haki. Nimekuwa mama wa wingu. Hata mimi mwenyewe nisingenisikiliza.

Jumapili, 13 Aprili

Pugu: kavu. Mahema manne.

Jumatano, 16 Aprili

Pugu: manyunyu, kisha jua.

Nimemwota dada Swaumu, kwa hiyo leo sina hamu ya kazi. Nasma alikuwa na miaka tisa ile siku. Watu wakisikia mtu kafa maji Jangwani wanadhani mvua ilikuwa inapiga mabati. Haikuwa hivyo. Jua lilikuwa linawaka, nguo tumeanika. Kulinyesha Pugu, sisi hatukujua. Watu wakaanza kupiga kelele, tukatoka, maji magotini. Mimi nikambeba Nasma. Swaumu akasema ngoja nichukue cherehani, mara moja tu, kwani mvua iko wapi? Maneno yake ya mwisho ndiyo hayo. Mvua iko wapi.

Cherehani tuliikuta siku ya tatu kwenye matope, nikaisafisha kwa mafuta ya taa, na ndiyo hii ninayoshonea. Nasma anajua habari nzima lakini nadhani anaijua kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa. Hasira sina naye. Nina hasira na mimi, kwamba nilimwamini Swaumu aliposema mara moja tu.

Jumapili, 20 Aprili

Pugu: kavu.

Leo Pasaka. Rogath kaenda kwao kusherehekea, na jana akapitiliza na gari mpaka kwenye korongo kukagua kambi. Leo katuma picha kwenye kundi na Nasma kaja kunionyesha, uso unang'aa.

"Tazama mama, ndipo tutakapolala. Mchanga mlaini, kuta za mawe pande zote, hata upepo haupiti. Hakuna hata tone la maji. Umeridhika?"

Nikavaa miwani. Pazuri, haki ya Mungu. Kuta nyekundu, mchanga mweupe umelala sawasawa kama mtu kaupiga pasi. Rogath kasimama chini ya mgunga mmoja, kanyoosha mkono juu, kashika tawi, anacheka.

Nikaikuza picha kwa vidole. Juu ya mkono wake, kwenye matawi, kulikuwa na majani makavu na vijiti vimenasa, vimejikunja vyote upande mmoja. Nikamuuliza Nasma, "Haya majani nani alipanda kuyatundika?"

"Majani gani? Si kiota cha ndege hicho?"

Nikasema haya, kiota. Nikamrudishia simu.

Kiota gani. Kila mti wa Jangwani una mifuko ya plastiki na matambara juu ya kichwa cha mtu, na kila mtoto wa pale anajua maana yake. Maji yalifika hapo. Yalipita na uchafu wake, yakashuka, uchafu ukabaki. Hatuhitaji mtu wa kutupimia kwa rula, tunatazama mifuko. Na Rogath ni mrefu, na mkono alikuwa kaunyoosha.

Jumatatu, 21 Aprili

Pugu: kavu.

Sikutaka kuwa mama wa wingu tena. Nikasema nitafute mtu anayejua, akiniambia naota, ninyamaze kabisa. Nikamwendea Saning'o, Mmasai anayelinda maduka ya uchochoro wetu. Kwao ni Longido. Nikampa chai, nikamuuliza kama anapajua mahali panaitwa Olkeju, maana kwenye ramani ya simu ya Nasma kambi imeandikwa jina hilo.

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Olkeju wapi? Olkeju ziko nyingi, mama."

"Kwani Olkeju ni nini?"

"Mto."

Nikamwambia rudia.

"Olkeju ni mto. Mtu kauliza wachungaji hapa panaitwaje, wakamwambia mto. Akaandika Mto. Sasa mnaenda kulala mtoni?" Akaacha kucheka aliponiona. Akasema, "Mama, ule mchanga ni kitanda cha maji. Mvua ikipiga mlimani wewe huisikii, uko kwenye jua, ng'ombe wako wanakunywa. Halafu unasikia kama lori linakuja. Ukisikia lori umechelewa."

Nilitamani awe ameniambia naota.

Jumanne, 22 Aprili

Pugu: kavu. Anga safi kabisa, kana kwamba linanikejeli.

Nimemweleza Nasma yote, taratibu, bila kupandisha sauti. Majani juu ya mti. Saning'o. Olkeju. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani nimefanikiwa.

"Mama, uliniahidi."

"Nasma, mnaenda kulala mtoni."

"Rogath alikuwa pale juzijuzi tu! Kasimama pale kwa miguu yake! Wewe umekaa Kariakoo na mlinzi mnakunywa chai."

Hata hivyo alimpigia, namshukuru kwa hilo. Aliweka sauti ya nje ili nisikie. Rogath akacheka, sauti yake ikajaza chumba. "Nasma, mamako ni fundi mzuri sana wa mahema. Njia tuachie wenyewe. Halafu nikwambie, mpangaji anayeogopa mimi simhitaji. Unaogopa?"

Nasma akanitazama. Akasema, "Hapana, bosi."

Mimi nikasema kwa sauti ili anisikie na yeye, "Basi mahema sitoi."

Nasma akakata simu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumatano, 23 Aprili

Pugu: mawingu. Nasma hakunipa shikamoo.

Mahema manane yote yamekwisha, yamekunjwa, nimeyalalia kama kuku kwenye mayai.

Alhamisi, 24 Aprili

Pugu: imemwagika toka kabla ya adhana ya alfajiri. Kariakoo: jua.

Nitaandika yote, hata nikichelewa kulala.

Mwanne kanipigia mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi. "Wifi, leo usiniulize. Ndoo tulizotega zimejaa zote, na bado inashuka." Nikafungua sanduku la madaftari, nikapekua. Ikinyesha hivi Pugu alfajiri, maji yanafika Jangwani kati ya saa sita na saa nane mchana. Miaka yote karibu ni hivyo hivyo.

Nikampigia Rogath. Nikamwambia, kwa sauti tamu kabisa, nimekosa, mahema nitayatoa leo. Ila fundi wa hema hakabidhi kazi kabla ya kulisimamisha mteja alikague, ndiyo kawaida yetu, na hapa Kariakoo hakuna pa kusimamisha hata mwavuli. Aje Jangwani saa sita na nusu, chini pale karibu na mto, pana mchanga. Akasema, "Sasa umeongea, fundi."

Nasma kaja naye. Hakuniangalia. Mimi na Saning'o tulishalisimamisha hema la nane, lile refu, juu ya mchanga, hatua kama kumi kutoka kwenye maji. Mto ulikuwa mwembamba, unanuka kama siku zote. Vijana walikuwa wanaosha bodaboda. Jua linachoma utosini. Saning'o akachomeka fimbo yake pale maji yanapoishia, akaketi mbele yake.

Rogath akazunguka hema, akavuta kamba, akapiga piga kitambaa. "Kazi hii!" Akavua viatu, akaingia, akafunga zipu, akajilaza. Tukamsikia anajisifia humo ndani, anasema humu atalala kama sultani.

Nilitazama saa yangu. Saa saba kasoro. Nilikuwa naogopa maji yasije, na naogopa yaje. Nasma akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kwa nini tuko hapa?"

Kabla sijajibu, wale vijana wa bodaboda wakasimama wote kwa pamoja. Wakakamata pikipiki zao wakaanza kuzisukuma kupanda juu. Nikaona povu la kahawia linakuja, chupa za plastiki zimetangulia, nyingi, zinagongana. Fimbo ya Saning'o ikazungukwa na maji. Halafu ikalala. Halafu haikuwepo.

"Rogath, toka," nikasema.

"Ngoja, najaribu dirisha."

"Toka!"

Nasma ndiye aliyepiga yowe. Sijawahi kuisikia sauti ile tangu akiwa na miaka tisa mgongoni kwangu. "Majiii!" Akakimbilia hema, akapambana na zipu, yeye nje, Rogath ndani, kila mmoja anavuta upande wake. Maji yalikuwa yamefika kwenye pindo. Saning'o akang'oa vigingi vya kamba, wakatoka, tukaliburuta hema kwenda juu. Rogath alikuwa na kiatu kimoja mkononi. Cha pili tulikiona kinaenda baharini taratibu.

Tulisimama barabarani. Pale tulipokuwa mwanzo, sasa maji yangefika kifuani. Rogath akatazama juu. Anga bluu, hata wingu la dawa hakuna. "Lakini haijanyesha," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza.

Nikamwonyesha mwarobaini ulio ng'ambo, mifuko inaning'inia kwenye matawi. "Mifuko ile nani alipanda kuitundika?" Kisha nikamwomba Nasma simu, nikafungua ile picha, nikaikuza, nikamshikisha. Aliitazama muda mrefu, akauangalia mti, akaitazama tena.

"Sawa," akasema. "Sawa, fundi. Watu watalala juu ya kilima."

Njiani kurudi Nasma alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mimi nilikuwa na furaha kama mwendawazimu. Hema la nane limebaki na mstari wa matope kwenye pindo, nimeusugua hautoki.

Sasa hivi nikiandika ndiyo naona jambo. Alisema "watalala". Hakusema "tutalala".

Ijumaa, 25 Aprili

Pugu: kavu. Wameondoka asubuhi. Nasma kanipa shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya Jumatano.

Nimemwambia kuhusu lile neno. Akasema, "Mama, watu si huongea tu." Nikasema ndiyo, huongea tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Pugu: kavu. Wamefika Arusha.

Jumapili, 27 Aprili

Pugu: kavu. Ujumbe saa nne asubuhi: "Tunaacha lami, mtandao unakata. Nakupenda, usipige simu kila mahali." Umefika na picha ya punda.

Jumatatu, 28 Aprili

Pugu: kavu. Kimya.

Jumanne, 29 Aprili

Pugu: kavu. Nafanya nini? Pugu kavu, Pugu inanihusu nini leo? Mto wao hautoki Pugu. Mlima wao siujui hata jina, na huko sina wifi wa kumpigia.

Nimemwomba Saning'o ampigie kaka yake. Kaongea Kimasai muda mrefu, mimi namtazama mdomo. Kakata simu, hakunitazama usoni. "Anasema mlimani kumeanza kunyesha toka asubuhi. Huko bondeni jua."

Watalala. Tutalala. Nimelirudia mpaka neno limepoteza maana.

Jumatano, 30 Aprili

Sikupiga Pugu. Nasma hapatikani. Rogath hapatikani. Nimeshona mfuko wa godoro wa mtu, nimeushona na ncha ya kanga yangu humo humo.

Alhamisi, 1 Mei

Hapatikani.

Ijumaa, 2 Mei

Saa tisa alasiri: "Mama tuko lami. Wote kumi na sita. Nitakueleza." Nimekaa chini pale pale uchochoroni, kwenye majimaji ya samaki. Saning'o kaninyanyua.

Jumapili, 4 Mei

Pugu: manyunyu.

Walirudi jana. Nasma kakonda, mweusi, midomo imepasuka kwa jua, mzuri ajabu. Mahema nimeletewa mpaka mlangoni niyasafishe. Mimi kabla ya kumsikia mtu husikiliza kitambaa. Nikayakunjua moja moja. Kokoto nyeusi kwenye sakafu, vumbi jekundu, miba. Hakuna tope. Wamelala juu, nikasema Alhamdulillah. Nikayahesabu. Saba.

"La nane liko wapi?"

Nasma akaketi kwenye ndoo. "Mama, ulisikia sawa. Alisema watalala."

Walipofika, Rogath aliamuru mahema yote yakae juu ya mwamba, neno lake kalitimiza. La kwake akalishusha mwenyewe akalisimamisha chini ya mgunga. Kwamba yeye kakulia kule. Kwamba anataka usiku mmoja tu kwenye mchanga, mara moja tu, na picha ya asubuhi. Mwenzake wa hema akakataa, akajibana na wengine.

"Siku hiyo ya Jumanne, mchana, nikaona wingu. Dogo, mama, jeusi, limekaa juu ya mlima kule mbali. Kwetu jua kali. Nikatoa simu nimpigie shangazi. Haki ya Mungu, nilitoa simu nimpigie shangazi Mwanne! Nikakumbuka hakuna mtandao, na shangazi yuko Pugu." Akacheka, halafu akaacha. "Nikasimama ukingoni nikamwita Rogath. Akanipungia mkono. Nikamwita tena, nikamwambia wingu. Akasema Nasma, usiwe kama mamako."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia kuna mechi."

"Mechi gani?"

"Hakukuwa na mechi. Nikampigia kelele: bosi, leo saa kumi kuna kiporo, wanacheza kile kiporo chenu! Redio inashika huku juu tu! Viporo hivi vya mechi zilizoahirishwa nani anajua ratiba yake, mama, vinahamishwa kila siku. Akasema, we, leo? Akachukua redio yake akapanda. Anahema, anauliza kikosi gani kimeanza. Akaketi juu ya jiwe anatafuta stesheni. Alikuwa bado anatafuta stesheni tuliposikia lori."

Nikamwambia, "Hakuna lori kule."

"Ndiyo. Hakuna."

Akaniambia hema la Rogath lilivyokwenda. Halikupasuka, mishono ilishika. Lilizunguka mara mbili kwenye maji na zipu yake imefungwa, limevimba kama kuna mtu ndani, kisha likakata kona. Watu wote walikuwa wanamtazama Rogath, na Rogath alikuwa anatazama hema, redio mkononi inakoroma.

Nilimvuta Nasma nikamkumbatia na uchafu wake wote. Nikamlilia yeye na nikamlilia Swaumu, kwamba siku ile mimi sikuwa na akili ya kumdanganya dada yangu. Ningemwambia tu nje kuna mtu kamletea zawadi.

Jumanne, 6 Mei

Pugu: kavu.

Rogath kaja dukani, nikiwa na Nasma na Saning'o. Kavua kofia. "Shikamoo, mama." Sidhani kama nimemzidi hata miaka mitano, lakini nikaitikia. "Marahaba."

Kabeba fimbo mpya ya mpingo, akampa Saning'o kwa mikono miwili badala ya ile iliyoondoka na maji. Akaketi kwenye kigoda. Akasema Nasma anaanza kazi Jumatatu, na hakuna kambi itakayopangwa bila yeye kuitia sahihi. Akaniomba nimshonee hema lingine.

"Refu kama lile?"

"Kama lile."

Alipofika mlangoni akageuka kwa Nasma. "We binti. Kile kiporo kiliisha ngapi?"

"Sifuri sifuri, bosi."

Akatikisa kichwa, akaenda. Nilimwona anafuta macho pale kwenye kona ya wauza mikoba.

Ijumaa, 9 Mei

*Pugu: manyunyu, yataacha. Nimepiga mimi. Shangazi anakusalimia.*

Mwandiko huo wa juu si wangu. Leo nililala nikapitiliza, nimeamka Nasma keshatoka, chai imefunikwa, daftari liko mezani limefunguliwa. Nimeusoma mstari wake nikiwa nimekaa kitandani. Nimelia kidogo, kisha nimeenda kukata sakafu ya hema la nane.